Tarehe ya Wiski Kali na Mkono Utiao Maji

Katika vileo vyote vilivyopata kununuliwa kwa fedha, hakuna ambacho mnunuzi wake ameyaogopa maji kama wiski. Msomaji akisikia kwamba wako watu Marekani na Uskoti, wenye akili zao na kazi zao, wanaotoa mali nyingi kwa chupa yenye alkoholi 65 au 70 kwa mia, ilhali ile ya kawaida ina 40 tu, akadhani kwamba hao ni watu watafutao kulewa upesi, naona atakuwa amewadhulumu. Kwa kuwa ukiifuata tarehe ya jambo hili tangu asili yake utakuta kwamba kilichotafutwa zaidi ni amana, na hofu iliyowasukuma ni ileile ya mnunuzi wa maziwa, asiyejua mchuuzi wake amepitia kisima gani njiani. Hata asiyegusa kileo, kwa dini yake au kwa hiari yake, aweza kuisoma habari hii kuwa ni sura moja katika tarehe ya biashara na hadaa zake.

Mapenzi ya ukali si ya jana. Martin Martin, aliyeandika juu ya visiwa vya magharibi vya Uskoti mwaka 1703, alitaja kileo cha kisiwa cha Lewis kilichokenekwa mara nne, ambacho wenyeji walionya mtu asizidishe vijiko viwili, asije akakatika pumzi. Wafanya biashara wa Uingereza nao, kwa mapokeo yao, walikijaribu kileo kwa baruti: waliilowesha baruti kwa kileo, wakaitia moto, ikiwaka kileo kimethibitika, ikikataa maji yamezidi. Serikali, ambayo ushuru wake ulitegemea ukali, haikuweza kuridhika na jaribio la namna hiyo, na kwa sheria ya mwaka 1816 ikakichagua kipimo cha Bartholomew Sikes, ala ieleayo ambayo huzama zaidi kadiri kileo kilivyo kikali. Na kwa hesabu hiyo daraja ya uthibitisho ikawa ni alkoholi takriban 57 kwa mia. Wamarekani walishika hesabu iliyo nyepesi zaidi, ambayo daraja ni mara mbili ya kiasi cha alkoholi, hata daraja ya 100 ikawa ni 50 kwa mia.

Lakini mahali ambapo ukali uligeuka kuwa jambo la heshima na sheria ni Kentucky. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wiski ilitoka kiwandani ikiwa katika pipa, ikapita mikononi mwa wauzaji wa jumla na wenye vilabu, na kila mkono ulipata nafasi ya kuighushi; na wachanganyaji wa mijini walitwaa spiriti tupu, isiyo na umri wala ladha, wakaitia sukari iliyounguzwa, maji ya matunda makavu, pengine tumbaku au ayodini, wakaiuza kwa jina la wiski ya miaka mingi. George Garvin Brown wa Louisville alianza mwaka 1870 kuiuza wiski yake katika chupa zilizozibwa peke yake. Kanali Edmund Haynes Taylor wa Frankfort hakutosheka na kizibo. Alitaka muhuri wa dola. Akishirikiana na John G. Carlisle, mwana wa Kentucky aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Rais Cleveland, aliihangaikia sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 1897, ambayo iliamuru kwamba wiski itakayopewa muhuri huo sharti itoke kwa mtengenezaji mmoja na msimu mmoja, ikae miaka isiyopungua minne katika ghala lililo chini ya ulinzi wa serikali, na itiwe chupani kwa daraja ya 100 kamili. Mimi naiona sheria hii kuwa ndiyo mama wa yote yaliyofuata, maana iliwafundisha Wamarekani kuisoma tarakimu ya ukali kama wasomavyo ushahidi.

Marufuku ya vileo ya Marekani, ya mwaka 1920 hata 1933, ilivifunga viwanda vingi, na baadaye ladha za watu zikaelekea vodka na vinywaji vyepesi, wenye viwanda nao wakateremsha daraja zao pole pole. Wiski ya Jack Daniel's, iliyokuwa daraja ya 90, ilifika 80 mwaka 2004. Katika zama hizo za kuteremsha, mwaka 1962, serikali ilikubali wiski mbichi iingizwe pipani ikiwa daraja ya 125 badala ya 110, jambo lililowapunguzia wenye viwanda gharama, kwa kuwa kileo kikali huhitaji mapipa machache na maji yaweza kungoja mpaka mwisho. Ruhusa hiyo iliyoleta maji mengi chupani ndiyo pia iliyoufungua mlango wa ukali tunaouzungumza. Ghala la Kentucky lina orofa nyingi, na joto la kiangazi huyachoma mapipa ya juu, maji yakapenya mbao za mwaloni upesi kuliko alkoholi, na kibakicho kikazidi ukali mwaka hata mwaka. Ilhali Uskoti, penye baridi na unyevu, wiski hupungua ukali kadiri inavyozeeka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Booker Noe, mjukuu wa mtengenezaji wiski Jim Beam wa Kentucky, aliwatunukia rafiki zake wiski iliyotoka pipani moja kwa moja, pasipo maji wala kuchujwa, na mwaka 1992 ikawa bidhaa ya madukani, yenye daraja kati ya 120 na 130. Uskoti walikuwa wametangulia: kiwanda cha Glenfarclas kiliuza wiski ya 60 kwa mia tangu mwaka 1968, na mwaka 1983 palianzishwa Edinburgh chama cha kununua mapipa moja moja na kuyatia chupani kama yalivyo. Mwaka 2002 ikaja wiski ya George T. Stagg, yenye jina la mshirika wa Kanali Taylor, ikitoka katika kiwanda kilekile chao cha Frankfort. Na mwaka 2013 Maker's Mark walipotangaza kuishusha wiski yao kutoka 45 hata 42 kwa mia, wateja walighadhibika hata wenye kiwanda wakarudi nyuma katika muda wa siku chache. Tofauti ya sehemu tatu kwa mia ni wachache wangeitambua kwa ulimi; waliyoitambua ni dhamana iliyovunjwa.

Tangu hapo mashindano yamezidi. Sheria za usafiri wa anga za Marekani zakataza kileo kinachozidi 70 kwa mia kupakiwa na abiria, na wapenzi wa wiski wameugeuza mpaka huo kuwa ni cheo: Stagg ya mwaka 2007 ilifika daraja ya 144.8, na mwaka 2021 mapipa ya kilima cha Coy Hill, huko Tennessee, yalifika 148.3. Hapa mimi nasikitika, kwa kuwa tarakimu iliyowekwa ili kuushuhudia ukweli wa kileo sasa yatafutwa kwa ajili yake yenyewe. Wanachuoni wawili wa Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha mwaka 2017, kwa hesabu za kompyuta, kwamba guayakoli, mojawapo ya vitu viipavyo wiski harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji kisichozidi 45 kwa mia, na kikipita 59 huzama ndani kikazingirwa na alkoholi. Booker Noe, aliyeipenda wiski isiyoguswa kuliko watu wote wa zama zake, aliinywa kwa maji tele, na mwenye chupa ya Coy Hill akitaka kuifikisha 45 kwa mia hana budi kutia maji kiasi cha theluthi mbili za wiski aliyoimimina.