Mgeni wa Ngaremara (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Karani wa boma la Isiolo ameiacha ofisi bila kuaga, akadandia lori la mifugo hadi Ngaremara kwa mama yake. Habari aliyoibeba hajamwambia mtu, hata dereva.

SASA ENDELEA…

Lori lilimshusha karibu na mto, giza limeshatanda. Ilikuwa Jumamosi, Juni 29, 1963. Jana yake, kule Modogashe, mkuu wa wilaya (DC) Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dida walikuwa wamepigwa risasi, wakafa wote wawili. Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa DC wa Isiolo! (Leo watu wanapishana katika Mtaa wa Wabera jijini Nairobi bila kuuliza jina hilo lilikuwa la nani. Jambo hilo linaniudhi, lakini tuendelee.)

Karani aliona mambo yakiiva, maana barua zilipita mezani kwake. Mwaka 1962 walikuja makamishna wawili, Mnigeria na Mkanada, wakazunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD) wakiuliza mabarazani: Kenya au Somalia? Wasomali wengi wakajibu Somalia. Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni wa Uingereza, akawatengea mkoa wao, ila ndani ya Kenya. Mei wakasusia uchaguzi. Galma Dida, Mborana, alisimama na Kenya waziwazi, na kusimama waziwazi siku zile kulihitaji moyo.

Mama yake alikuwa nje, anachochea moto.

"Mbona usiku, mwanangu?"

"Nimepata likizo, Mama."

"Likizo gani haina hata mfuko?" Akamtazama kidogo. "Haya, ingia. Shemeji yako yumo. Kafika mchana."

Shemeji! Mborana wa Garba Tulla, aliyemwoa dada yake kwa ng'ombe wasiokwisha kulipwa. Hakuonekana tangu Madaraka. Alikuwa ameketi kando ya kibuyu cha maziwa, mguu mmoja una akala, mwingine mtupu. Kiganja chake cha kulia kilifungwa kitambaa chekundu.

"Umeumia, shemeji?"

"Mwiba tu."

"Mwiba wa wapi?"

"Miiba ina kwao?" Akacheka peke yake, kisha akainua kibuyu, akanywa, akajipangusa mdomo. "Niambie wewe mtu wa ofisi. Wabera watamzika wapi?"

"Wabera gani amekufa?" mama akauliza kutoka mlangoni.

Hakuna aliyemjibu. Karani alikuwa ameinamia kile kitambaa. Alikifahamu vizuri, maana vilemba vyote vyekundu vya askari wa dubas pale bomani vilitoka stoo kwa sahihi yake, na kila kimoja aliandika namba ya askari pindoni kwa wino mweusi. Akaushika mkono wa shemeji, akaugeuzia kwenye mwanga wa moto. Damu ilikuwa imefunika tarakimu ya kwanza. Mbili zilizobaki zilimtosha.

Ilikuwa namba ya mdogo wake, aliyeondoka kambini Jumatano na hajarudi.

"Yuko wapi?" Sauti haikutaka kutoka. "Yuko hai?"

"Yeye ndiye aliyenituma kwako."

"Nimekuuliza, yuko hai?"

Shemeji aliinua kidole, akasikiliza.

"Mama, mwaga maji motoni, haraka. Kuna gari linavuka mto bila taa."

Itaendelea Jumamosi ijayo.