Kuongeza vyumba nyumbani: Cheti cha umeme huanza kabla ya plasta

Mtu anapoongeza chumba, jiko la nje au fremu ya duka ubavuni mwa nyumba, fedha nyingi huishia kwenye tofali, nondo na bati. Umeme huja mwishoni, tena kwa haraka. Fundi anavuta waya kutoka soketi ya sebuleni, anatoboa ukuta, taa inawaka, analipwa, anaondoka.

Taa kuwaka kunaonyesha jambo moja tu, kwamba umeme umefika. Hakuonyeshi kama waya unaweza kubeba mzigo uliowekwa, kama eathi imeunganishwa, wala kama umeme utakatika mtoto akishika birika lenye hitilafu. Hayo hujulikana kwa kupima. Cheti cha kazi ya umeme ni karatasi inayosema nani amepima, amepima nini na amepata nini.

Nani anaruhusiwa kusaini

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataja ufungaji wa mifumo ya umeme miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni. Anayetoa leseni hiyo ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, siyo TANESCO. Wengi huchanganya hapa. TANESCO inahusika na umeme hadi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba, na kazi hiyo ni ya mtu mwenye leseni au fundi anayesimamiwa naye.

Cheti cha VETA si leseni. Kinathibitisha kwamba fundi amesoma, na humsaidia anapoomba leseni EWURA, basi. Fundi mzuri mwenye cheti cha VETA lakini asiye na leseni anaweza kufanya kazi nzuri kabisa, ila hawezi kuisainia kama mkandarasi.

Leseni zenyewe zina madaraja yanayotajwa kwa herufi, na daraja ndilo linaloonyesha ukubwa wa kazi anayoruhusiwa mhusika. Nyumba ya kawaida ya njia moja, yaani volti 230, haihitaji mkandarasi wa daraja la juu kabisa. Jengo la njia tatu ni habari nyingine. Kwa hiyo mwenye nyumba anapoonyeshwa leseni aangalie vitu vitatu: jina, daraja na tarehe ya kuisha. Akiwa na shaka, namba ya leseni inaweza kuhakikiwa EWURA, makao makuu Dodoma au kwenye ofisi za kanda.

Mchezo wa muhuri wa kukodi

Mitaani kuna mchezo unaojulikana. Kazi anafanya fundi asiye na leseni, halafu karatasi zinapelekwa kwa mwenye leseni ambaye hajawahi kuiona hiyo nyumba. Anagonga muhuri, anapokea chake, maisha yanaendelea.

Karatasi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa karatasi kabisa, kwa sababu inamfanya mwenye nyumba alale usingizi. Kuitambua si kazi ngumu. Sehemu ya vipimo huwa tupu, au ina maneno "sawa, sawa, sawa" bila namba hata moja. Aliyesaini hajawahi kufika saiti. Mara nyingine inatolewa hata kabla soketi hazijafungwa.

Kwa nini kabla ya plasta

Paipu, maboksi na maungio yakishafunikwa, mkandarasi hawezi kusema kwa uaminifu kilichomo ukutani. Anaweza kupima, ndiyo, lakini hawezi kuona kama waya umeungwa katikati ya ukuta kwa kusokotwa na kufungwa soleteipu, au kama umepitishwa mshazari mahali ambapo kesho mtu atapigilia msumari wa televisheni. Waya unatakiwa upande au ushuke wima kutoka kwenye soketi na swichi, au uende mlalo sawa nazo, ili hata asiyeuona aweze kukisia ulipo.

Ndiyo maana makubaliano na mkandarasi yanafaa yafanyike mapema, wakati msingi unachimbwa au kuta zinapanda. Afike mara mbili angalau: kabla ya plasta, na baada ya vifaa kufungwa. Siku ya kwanza mwenye nyumba apige picha za kila ukuta kwa simu, zikionyesha paipu zinapopita. Hazigharimu kitu, na miaka kumi baadaye zinaweza kuokoa ukuta.

Hesabu ya mzigo

Kosa linalorudiwa zaidi kwenye vyumba vya kuongeza ni kuchukua umeme kutoka kwenye njia ya taa. Njia ya taa kwa kawaida ina waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampia 10. Volti 230 mara ampia 10 ni wati 2,300. Birika moja la wati 2,000 karibu linaimaliza yote.

Kinachofuata kinajulikana. Chumba kipya kinapata soketi, mpangaji anachomeka pasi na birika, breka inaruka. Fundi anaitwa, anatoa breka ya 10 na kuweka ya 32. Hairuki tena, na kila mtu anafurahi. Waya ule ule mwembamba sasa unaruhusiwa kubeba mara tatu ya ulichokusudiwa, na breka iliyokuwa inaulinda haipo. Joto linajengeka ndani ya paipu na juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayeona. Breka huchaguliwa ili kulinda waya, na mkandarasi anayekubali kuipandisha bila kubadilisha waya hafai kusaini chochote.

Kwa soketi, waya wa kawaida ni wa 2.5 na breka ya ampia 20, ambayo inatoa wati 4,600. Birika la wati 2,000, pasi ya 1,200 na jiko la presha la 1,000 kwa pamoja ni wati 4,200. Zinaingia, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo. Hita ya kuogea ya papo kwa papo, ambayo peke yake hufika wati 5,000 na zaidi, inahitaji njia yake kutoka meinswichi, waya mnene na breka yake.

Rangi zinazodanganya

Hili linahusu hasa nyumba ya zamani inayoongezwa vyumba vipya. Waya za zamani zina rangi nyekundu kwa umeme na nyeusi kwa nyutro. Za sasa ni kahawia kwa umeme, buluu kwa nyutro, na kijani yenye mstari wa njano kwa eathi. Pale zinapokutana kwenye boksi, nyeusi ya zamani inaungana na buluu mpya.

Kwenye njia tatu mambo yanageuka hatari. Buluu iliyokuwa moja ya njia za umeme kwenye mfumo wa zamani ndiyo nyutro kwenye mpya, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni njia ya umeme. Fundi anayefuata rangi kwa mazoea anaweza kuua mtu. Mahali pa kuungana panatakiwa pawe na alama, na kibandiko cha onyo kwenye meinswichi.

Vipimo vyenyewe

Testa ya bisibisi haitoshi. Inaonyesha umeme upo, haionyeshi kama uko salama. Vipimo vya msingi hufanyika umeme ukiwa umezimwa: kuhakikisha eathi inafika kila soketi bila kukatika, kisha kupima ganda la waya kwa mega. Kwa waya za volti 230, mega hutuma volti 500 za mkondo mnyoofu, na ukinzani unatakiwa usipungue megaomu 1. Waya mpya uliofungwa vizuri hupita kiwango hicho kwa mbali sana, kwa hiyo ukisoma 1.2 kwenye chumba kilichojengwa mwezi uliopita, kuna kitu hakiko sawa hata kama umefaulu.

Baadaye umeme unawashwa na kupimwa mpangilio wa waya kwenye soketi, ukinzani wa rodi ya eathi, na kifaa cha RCD. Hiki cha mwisho ndicho kinachookoa mtu. Chenye kiwango cha miliampia 30 hukata umeme unapovuja kupitia mwili au kifaa kibovu, na kinapaswa kukata ndani ya milisekunde 300. Kile kitufe cha "T" mwenye nyumba anaweza kukibonyeza mwenyewe mara kwa mara, ila ajue kinapima kifaa tu, hakipimi eathi. Nyumba inaweza kuwa na RCD inayokata vizuri kwa kitufe, huku rodi yake ya eathi imeng'olewa na fundi wa mabomba.

Namba zote hizo ziandikwe kwenye karatasi, pamoja na mchoro wa njia mpya, jina, namba ya leseni, sahihi na tarehe.

TANESCO inaingia lini

Chumba kimoja chenye taa mbili na soketi hakibadilishi mita. Lakini mwenye nyumba anayetaka mita ya pili kwa ajili ya mpangaji, au kuhama njia moja kwenda njia tatu kwa sababu ameongeza mashine ya kusaga au ya kuchomelea, anaomba TANESCO, na maombi huambatana na mchoro wa waya uliosainiwa na mkandarasi mwenye leseni. Namba ya huduma kwa wateja ni 180.

Lakiri ya mita isiguswe na mtu yeyote isipokuwa wao. Mkandarasi anayesema "naifungua kidogo tu nipate nafasi ya waya" anamuachia mwenye nyumba kesi ya wizi wa umeme.

Zanzibar msimamizi ni ZURA na msambazaji ni ZECO. Kenya, mafundi hupewa leseni na EPRA, iliyochukua nafasi ya ERC kupitia Sheria ya Nishati ya 2019.

Kama kazi imeshafanyika

Vyumba vingi tayari vimepigwa plasta na rangi, na watu wanaishi ndani. Bado kuna la kufanya. Mkandarasi mwenye leseni anaweza kufungua soketi na meinswichi, kufanya vipimo vyote na kuandika ripoti ya hali aliyoikuta, akitaja alichoweza kuona na alichoshindwa. Hiyo ni tofauti na cheti cha kazi aliyoisimamia, na mkweli ataiandika hivyo.

Akikuta eathi haipo au waya umezidiwa, tiba ya bei nafuu mara nyingi ni kuiacha njia ya zamani ife ndani ya ukuta, ikiwa imekatwa pande zote mbili, na kuvuta mpya ndani ya trunki ya plastiki juu ya plasta. Haipendezi machoni, lakini inaonekana, inapimika na inasainika.