Usiku Redio Zilipozimwa

Wazee walitufundisha kwamba mjumbe hauawi. Lakini Bujumbura, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Mei 2015, wajumbe walivamiwa nyumbani kwao. Baada ya jaribio la mapinduzi, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilishambuliwa, vingine vikachomwa moto. Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilivamiwa. Asubuhi ukizungusha redio, unasikia mluzi tu.

Mambo yalikuwa yameanza mwishoni mwa Aprili, watu walipoandamana kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. RPA ilifungwa, halafu WhatsApp na Facebook zikazibwa kwenye simu. Vijana wakajifunza VPN haraka, mmoja akimfundisha mwenzake.

Redio zilipokufa, waandishi wachache wasio na studio tena walianzisha SOS Médias Burundi: habari fupi, picha na sauti, kupitia Facebook, Twitter na SoundCloud. Majina yao hawakuyaandika. Wengine walikimbilia Kigali, na huko zikazaliwa Inzamba na Humura, vipindi vya kusikilizwa kwa intaneti. Vikaingia Burundi kwa WhatsApp, simu kwa simu, na vikatufikia hata sisi huku Kigoma.

Basi ndugu zangu, tusidanganyane: njia iliyoleta habari ndiyo iliyoleta uzushi. Kambini, simu moja yenye chaji ilikuwa na masikio kumi. Jirani yangu mama mmoja aliletewa picha ya maiti, akaambiwa ni kaka yake. Tulikaa matanga siku tatu. Siku ya nne kaka akapiga simu, anauliza kwa nini dada hapokei. Tulicheka na kulia pamoja. Lakini wangapi walipata habari kama ile, na ikawa kweli?

Ndiyo maana kazi ya wale waandishi ilikuwa na thamani. Kupiga picha, kila mtu anaweza. Kuuliza imepigwa wapi, lini, na nani mwingine ameona, hiyo ndiyo kazi yenyewe, nayo ilikuwa na gharama. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alitoweka tarehe 22 Julai 2016, na familia yake haijampata. Mwaka uliofuata tovuti ya Iwacu ikazibwa ndani ya nchi. Siku ya uchaguzi, 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ikazimwa tena.

Leo tunaulizwa: mtarudi lini? Wafanyakazi wa mashirika wanatupa makaratasi, majirani wanatupa tetesi. Uamuzi wa kurudi ni wa maisha ya watoto wetu, haufanywi kwa sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe. Kabla hujaituma mbele, uliza: wapi, lini, nani ameona? Kuna watu walihatarisha maisha yao ili tupate majibu ya maswali hayo matatu.