Tura, Mahali pa Kutua Mzigo

Ndugu Mhariri aliponiandikia akitaka makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nilidhani angependa habari za mabweni au za timu ya mpira. Hayo wapo wenzangu wanaoyakumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa leja, hati za kupokelea mali na safari za kukagua bohari. Kwa hiyo nimeamua kuandika juu ya vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za Serikali na kupitishwa katika njia yetu hii, zamani kabla ya reli.

Sisi tuliokuwa tukija shuleni kwa garimoshi kutoka upande wa Dodoma tunaikumbuka stesheni ya Tura. Kwetu ilikuwa dalili kwamba likizo imekwisha. Kwa watu wa misafara ilikuwa na maana kubwa zaidi. Mashariki yake ilikuwapo Mgunda Mkali, nyika yenye maji machache na chakula haba, na Tura ndiyo iliyokuwa mlango wa Unyamwezi. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba wenyeji hulitamka jina hilo Tula, na kwamba maana yake ni "tua", yaani tua mzigo. Mpagazi aliyevuka nyika ile na frasila mbili begani, karibu ratili 70, hakuhitaji kufasiriwa.

Burton na mwenzake John Hanning Speke walikuwa wakisafiri kwa ruzuku. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 1,000 kwa kupitia Royal Geographical Society ya London. Mkuu wa msafara wao alikuwa Sheikh Said bin Salim al-Lamki, kutoka Unguja. Naomba msomaji alishike jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Safari ile haikuwa na bahati na vyombo vyake vya kupimia. Saa za kronometa zilisimama moja baada ya nyingine, hata ikawabidi kufunga risasi kwenye uzi na kuhesabu sekunde kwa kubembea kwake. Vipimajoto vizuri vilivunjika. Walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 walipima kimo chake kwa kuchemsha maji, na kilichosalia kilikuwa kipimajoto cha kuogea. Walipata futi 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo chenyewe ni zaidi ya futi 2,500. Wanafunzi wa Fizikia mnajua kwamba maji huchemka kwa joto pungufu kadiri unavyopanda juu, na kosa la digrii moja tu ya Farenhaiti hukupoteza futi 500 hivi. Kosa hilo halikubaki daftarini. Kwa miaka kadhaa mabwana wa London walibishana kama maji ya Tanganyika yaweza kufika Naili, na kimo hicho kilikuwa miongoni mwa hoja zao.

Halafu ukaja ugomvi wa malipo. Burton aliporudi mwaka 1859 alikataa kumlipa Said bin Salim na wenziwe zawadi waliyosema wameahidiwa, akidai hawakufanya kazi ipasavyo. Balozi Rigby wa Unguja alisimama upande wao na kuandika kwa wakubwa wake. Ahadi ilihusu balozi wa zamani, Hamerton, naye alikuwa amekwisha kufariki Julai 1857, msafara ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Kila mtumishi aliyewahi kurithi faili la mtangulizi wake bila maandishi ya kutosha ndani yake ataelewa.

Mwaka 1860 Speke alirudi na James Grant, safari hii Serikali ikiwa imetoa pauni 2,500, na Said bin Salim akawa tena mkuu wa msafara mpaka ugonjwa ulipombakiza Kaze, ndiyo Tabora yetu. Hakurudi pwani. Baadaye akawa liwali wa Unyanyembe, na chini ya mamlaka yake ikawekwa mizigo ya mtu wa tatu: Dkt. David Livingstone.

Fedha za Livingstone zingemsumbua mkaguzi yeyote. Safari yake ya mwaka 1866 ilichangiwa pauni 500 na Serikali, pauni 500 na Royal Geographical Society, na pauni 1,000 na rafiki yake James Young. Mwaka 1870 Serikali iliongeza pauni 1,000 za kumwokoa. Bidhaa zikanunuliwa Unguja, zikavushwa hadi Bagamoyo mwezi Novemba, na msafara ukakaa hapo karibu siku 100 bila ya kwenda popote. Uliondoka Februari 1871, baada ya kusikika kwamba balozi yuko njiani kuja! Shehena nyingine iliyotangulia kufika Ujiji ilikuwa mikononi mwa Sherif, aliyeamini kwamba Livingstone amekufa, naye akaiuza yote. Livingstone alipowasili Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa, alikuta Sherif hakumwachia hata doti ya nguo ya kununulia chakula.

Lakini linaloniuma zaidi mimi ni jambo lililotokea hapa kwetu. Februari 1872 Livingstone na Stanley waliingia Kwihara, na mizigo ya zamani iliyotunzwa Unyanyembe ikafunguliwa. Mchwa walikuwa wamekula vitako vya bunduki mbili. Baadhi ya shanga na majora ya nguo havikuonekana. Chupa za brandi zilikuwa zimevunjwa kama kwa ajali, ila vizibo vyake vilikuwa vigunzi vya mahindi, na mchwa hawana desturi ya kuziba chupa.

Simwiti Said bin Salim mwizi. Mwaka 1871 alikuwa na vita vya Mirambo mlangoni. Agosti ile Tabora iliunguzwa. Mwenye mali hakuonekana kwa miaka, na hakuna aliyemjia Said na orodha mkononi kusema: fungua tuhesabu. Wapo wapagazi waliotoroka na mizigo, Burton amelalamika kurasa nyingi. Hata hivyo bunduki zile mbili zilibebwa salama kuvuka Mgunda Mkali, zikafia ghalani.

Nayaandika haya kwa sababu nami nimekuwa liwali wa namna hiyo. Katika kituo changu cha kwanza cha kazi, ambacho sitakitaja, yaliletwa masanduku ya vifaa vya maabara vilivyonunuliwa kwa fedha za ruzuku, yagawiwe shule moja ya kutwa. Maabara yake ilikuwa haijaezekwa. Nilitia sahihi hati ya kupokelea bila kufungua sanduku hata moja, nikaingiza kwenye leja, nikafunga stoo, na ufunguo nikautia kwenye droo yangu. Paa lilichukua miaka miwili. Mkaguzi alipokuja, leja ililingana na hati, hakuna kilichopungua, akanisifu. Wiki iliyofuata tulifungua masanduku. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni. Lenzi za hadubini zilikuwa zimeota ukungu. Na sanduku moja lilikuwa na chupa za kemikali ambazo shule haikuziomba, muda wake umepita. Kidato cha nne wawili walikuwa wamefanya mitihani ya Biolojia kwa picha za ubaoni. Hakuna aliyeniuliza lolote, na kwa miaka mingi niliona hiyo ni bahati.

Kamati imenijulisha kwamba katika mkutano huu Chama chetu kitaikabidhi shule hadubini, na kwamba mimi nimeteuliwa kutia sahihi kwa niaba ya Chama. Nimekubali kwa sharti moja, na Mkuu wa Shule ameliridhia: masanduku yatafunguliwa hapo hapo uwanjani, mbele ya wageni, na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu watatazama kitu kwa kila hadubini kabla sijashika kalamu. Ratiba itachelewa kidogo. Wenye njaa wavumilie.