Listi nyeusi ya Hollywood: hakuna sheria iliyowafukuza, lakini kazi iliisha



Mwezi wa 10, mwaka wa 1947, komite moja ya Bunge la Marekani iliita watu wa sinema kule Washington, kuwauliza kama wako ao kama walishakuwa memba wa chama cha kikomunisti. Komite hiyo, kwa kifupi HUAC, ilianza 1938 na ikafanywa ya kudumu 1945. Sasa mushike kitu kimoja: chama chenyewe hakikuwa kimekatazwa na sheria. Kilikuwa na ofisi, kilikuwa na gazeti, kilisimamisha wagombea kwenye uchaguzi. Kwa hiyo watu waliulizwa juu ya kitu ambacho sheria iliwaruhusu kufanya.

Kwanza waliitwa mashahidi waliokuwa upande wa komite. Walt Disney alisema mgomo wa 1941 katika studio yake ulisukumwa na wakomunisti. Ronald Reagan, aliyekuwa prezidenti wa sindika ya waigizaji, alisema pia. Nyuma yao wakaja wale wabishi, 11. Mmoja, Mjerumani Bertolt Brecht, alijibu kwa ujanja mwingi, na kesho yake akapanda ndege kurudi Ulaya. Wale 10 waliobaki, wengi wao waandishi wa senario, walikataa kujibu. Walisema katiba, katika nyongeza yake ya kwanza, inalinda uhuru wa mtu wa kusema na wa kukutana na anaowataka, kwa hiyo Bunge halina haki ya kuuliza swali lile. Tarehe 24 mwezi wa 11 Bunge lilipiga kura: 346 kwa 17, wapelekwe mbele ya tribinali kwa kudharau Bunge.

Siku zilezile mapatroni wa studio walikutana katika hoteli Waldorf-Astoria, New York. Walitoka na tangazo: wale 10 wanasimamishwa bila mshahara, na kuanzia sasa studio hazitamwajiri mkomunisti kwa kujua. Kinachonishangaza ni kwamba tangazo lenyewe lilikubali kuwa kuna hatari ya kuumiza watu wasio na kosa, na ya kuleta hali ya woga. Waliona shimo, wakaliandika kwenye karatasi, kisha wakaingia ndani.

Wale 10 walifungwa, wengi mwaka mmoja, wawili miezi sita. Ring Lardner Jr. na Lester Cole walipofika gereza la Danbury, Connecticut, walimkuta nani? J. Parnell Thomas, yule aliyekuwa prezidenti wa komite na aliyewauliza maswali! Alikuwa ameandikisha kwenye listi ya mishahara ya ofisi yake watu ambao hawakufanya kazi, na feza zikarudi mfukoni mwake. Ile tunaita huku fiktifu. Walimpa kazi kwenye banda la kuku.

Lakini gereza haikuwa sehemu mbaya zaidi ya hii hadithi. Watu 10 ni wachache. Wengine mamia hawakufungwa hata siku moja. Walikosa kazi tu. Na hapa njo ninataka tukae kidogo, sisi wenye kutembea na dosie mkononi.

Listi nyeusi haikuwa na sahihi ya serikali. Mwezi wa 6, 1950, kilitoka kijitabu kinaitwa Red Channels, chenye majina 151 ya watu wa redio na televisheni: waigizaji, waandishi, wanamuziki. Kilitungwa na watu binafsi. Pembeni ya kila jina waliweka mikutano ambayo mtu alihuzuria, barua aliyosaini, komite ya kusaidia Uhispania ao ya kupinga ubaguzi wa rangi ambamo jina lake lilionekana. Hawakuandika kwamba fulani ni mkomunisti. Walipanga majina tu, msomaji amalizie mwenyewe. Miezi miwili nyuma, mwigizaji Jean Muir alipoteza nafasi yake katika programu ya televisheni juu ya simu chache za watu waliolalamika.

Juu ya nini simu chache zilitosha? Juu programu za wakati ule zililipwa na makampuni ya kuuza chakula, sabuni, sigara. Kule Syracuse, New York, kulikuwa mwenye supamaketi mmoja, Laurence Johnson. Maduka yake hayakuwa mengi. Lakini aliandikia makampuni kwamba kama hawataondoa mwigizaji fulani, ataweka kibao karibu na bidhaa zao, kuuliza wateja kama wanataka kununua vitu vya kampuni inayolipa marafiki wa wakomunisti. Kampuni ikiogopa inaambia televisheni, na televisheni haitamwita tena yule mwigizaji. Hakuna barua ya kumfukuza. Ataambiwa nafasi imejaa, ao kwamba ni mrefu sana kwa ile kazi. Utashtaki nani?

Tena kulikuwa biashara ndani. Vincent Hartnett, aliyeandika utangulizi wa Red Channels, alikuwa anauza kazi ya kuchunguza majina, na wateja wakilipa kwa kila jina. Kadiri woga unavyoongezeka, ndivyo soko lake linapanuka.

Kuanzia 1951 komite ilirudi Hollywood na mtego mpya. Waliokataa kujibu kwa kutegemea nyongeza ya tano ya katiba, ile inayolinda mtu asijishitaki mwenyewe, hawakufungwa, lakini studio ziliwafungia mlango. Na ukikubali kusema juu yako mwenyewe, haukuwa tena na haki ya kunyamaza juu ya wengine. Taja majina. Larry Parks, mwigizaji, alikubali kwamba alikuwa memba zamani, akaomba wasimlazimishe kutaja marafiki. Walimbana, akataja, na kazi yake ikaharibika hata hivyo. Edward Dmytryk, mmoja wa wale 10, alitoka gerezani, akarudi mbele ya komite akataja 26, na akapata tena filimu za kuongoza. Elia Kazan alitaja 8 mwaka wa 1952. Komite ilikuwa tayari na mengi ya yale majina. Kwa maoni yangu haikutafuta habari, ilitafuta kuona mtu anainama. Katika shamba la mihogo tunang'oa mmea wenye mozaiki kisha kuona majani yake. Pale waling'oa mtu juu alisimama karibu na mwingine.

Tusiwafanye malaika, hata hivyo. Wengi wa wale 10 walikuwa kweli wanachama, na walitetea Stalin wakati damu ilikuwa inamwagika kwake. Mwaka wa 1946 Albert Maltz aliandika kwamba kazi ya mwandishi isipimwe kwa siasa yake tu. Wenzake wa chama walimshambulia mpaka akayakana maneno yake mwenyewe. Mwaka mmoja mbele, mwanaume yule yule alikuwa Washington kutetea uhuru wa kusema. Mimi sioni kwamba hiyo inampa Thomas haki. Lakini ni vizuri kuijua.

Kuko mmoja anayetugusa sisi wa Kiswahili: Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi, ambaye alijifunza Kiswahili London katika miaka ya 1930. Serikali ilimnyang'anya paspoti 1950 na kumrudishia 1958 tu. Katika maandishi yake mbele ya tribinali, wizara ya mambo ya nje ilitaja kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipigania uhuru wa watu wa Afrika waliotawaliwa na wakoloni. Kwa hiyo sisi pia tulikuwa ndani ya ile dosie, bila kujua. Mwaka wa 1952 alisimama juu ya gari kwenye mpaka wa Kanada, akaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili.

Philip Loeb hakuwa na sauti ya namna hiyo. Alikuwa mwigizaji wa programu The Goldbergs, jina lake lilikuwa katika Red Channels, akaondolewa. Alikuwa na mtoto mgonjwa wa akili wa kulipia matunzo. Mwaka wa 1955 alijiua katika hoteli New York.

Waandishi walikuwa na njia ya pembeni: kuandika kwa jina la mwingine, kwa bei ya chini. Dalton Trumbo alipata Oscar mbili hivyo. Ya Roman Holiday ilichukuliwa na rafiki yake Ian McLellan Hunter. Ya 1957 ilipewa Robert Rich, jina la kuficha tu. Na mwaka uliofuata Oscar ya senario ya The Bridge on the River Kwai ilipewa Mfaransa Pierre Boulle, mwandishi wa romani yenyewe, ambaye hakuandika hiyo senario ya Kiingereza hata kidogo. Walioiandika ni Carl Foreman na Michael Wilson, wote wawili wa listi. Kila mtu Hollywood alijua, na kila mtu alipiga makofi.

Ukuta ulianza kupasuka 1960, jina la Trumbo lilipoandikwa waziwazi kwenye Spartacus na Exodus. Mwaka wa 1962 John Henry Faulk, mtangazaji wa redio, alishinda kesi dhidi ya Hartnett na wenzake. Juri liliwatoza dola milioni 3 na nusu, ingawa baadaye zilipunguzwa sana. Johnson wa supamaketi alikufa kesi ikiwa inakaribia mwisho.

Mwaka wa 1999 Elia Kazan, mzee wa miaka 89, alipewa Oscar ya heshima. Ndani ya salle wengine walisimama kumpigia makofi. Wengine walibaki wamekaa, mikono imefungwa kifuani, mpaka alipotoka jukwaani.