Homa ya Q katika vali za moyo
Maambukizi adimu yanayoletwa na bakteria Coxiella burnetii, wanaokaa katika mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mtu huwavuta kwa pumzi pamoja na vumbi lenye mabaki ya uzazi wa mifugo, hasa kondo la nyuma. Edward Derrick aliieleza homa hii mwaka 1937, kutokana na wafanyakazi wa machinjio waliougua Brisbane, Australia. Vali iliyokwisha kuharibika, au ya bandia, ndiyo hushambuliwa zaidi. Ugumu uko maabara: damu ikioteshwa kwa njia ya kawaida haioti kitu, kwani bakteria hawa huzaliana ndani ya seli tu, hivyo hupimwa kingamwili, ikiwa daktari amekumbuka kuuliza habari za mifugo. Kwa tiba, dawa za doksisaiklini na haidroksiklorokwini hutumiwa pamoja kwa miezi 18 au zaidi; kwa vali ya bandia, 24.