Kuona magorila wa Kahuzi-Biega: makuta mengi kwa saa moja, inafaa ao haifai?

Mtu wa Bukavu anaweza kuzaliwa Kadutu, akasoma Ibanda, akaoa, akazeeka, na asifike hata mara moja Tshivanga, fasi wageni wa Parki ya Kahuzi-Biega wanapokelewa. Si mbali: ni zaidi kidogo ya kilomita 30 kutoka mjini, kwa njia ya Miti. Wazungu walianza kupanda ndege kutoka Ulaya na Amerika kuja kuangalia magorila wa pale tangu miaka ya 1970. Kinachowazuia wenyeji ni bei, kisha usalama, kisha ile fikra ya zamani kwamba gorila ni mambo ya wazungu.

Siku hizi swali linarudi katika familia nyingi. Kijana amepata kazi kwenye shirika na anataka kumpeleka mke wake. Ndugu ametoka Ubelgiji kwa vakansi na anauliza kama anaweza kulipia wote. Chama cha akina mama wanaowekeana makuta wanataka kufanya safari moja kwa mwaka. Wote wanajiuliza: makuta haya yote kwa kuangalia nyama wa pori saa moja tu, ni akili kweli? Jibu si moja kwa wote, lakini kuna mambo yanayosaidia kupima.

Gorila gani wako pale

Parki ilianzishwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver. Kwanza ilikuwa na hektari 60 000 za mlima. Mwaka 1975 ikapanuliwa kuelekea pori la chini hadi hektari karibu 600 000. Jina lake limetoka kwa milima miwili: Kahuzi, wenye urefu wa metre 3308, na Biega, wenye metre 2790. UNESCO iliiandika kati ya mali za dunia nzima mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya mali zilizo hatarini.

Gorila wa Kahuzi-Biega si yule wa Rwanda na Uganda. Wale wa kule, na wa Virunga upande wa Rutshuru, ni gorila wa mlima. Wa Kahuzi-Biega ni gorila wa Grauer, mkubwa kuliko magorila wote; dume mzima anaweza kufika kilo 200. Gorila huyu anaishi Kongo peke yake, upande wa mashariki, na hakuna inchi ingine duniani anakoonekana porini. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17 000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilisema wamebaki karibu 3 800. Ingine ya mwaka 2021, iliyopita fasi nyingi zaidi, ikasema karibu 6 800. Hata kwa hesabu hiyo ya juu, zaidi ya nusu walipotea katika maisha ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama kitu hiki anaweza kukipata kwingine kwa bei ndogo, jibu ni hapana.

Siku yenyewe inapita namna gani

Asubuhi na mapema wafuata nyayo wa parki wanaingia porini. Wanaanzia fasi familia ya gorila ililala jana, wanafuata majani yaliyovunjika na mavi, mpaka waipate. Wageni wanafika Tshivanga, wanaelezwa masharti, kisha wanaanza kutembea pamoja na mwongozaji na walinzi. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa masaa matatu ao zaidi, kupanda na kushuka katika matope na mianzi. Fasi hiyo iko juu ya metre 2000, na baridi yake si ya kuchezea.

Familia ikipatikana, saa inaanza kuhesabiwa: ni saa moja tu. Wageni hawapite watu wanane. Mtu anakaa mbali metre 7 ao 10, anavaa barakoa, hapigi kelele, hali chakula mbele yao. Mwenye kukohoa ao mwenye homa harusiwi, juu ya gorila anashika magonjwa yetu na mafua ya mtu yanaweza kuua familia nzima. Kwa desturi, mtoto mwenye umri chini ya miaka 15 haingii. Baba mwenye watoto wadogo ajue hilo kabla ya kuwaahidi.

Kuwaona ni karibu hakika, kwa sababu familia zilizozoeshwa zinafuatwa kila siku. Lakini ni pori, hakuna mtu wa kuandika mkataba na gorila. Kuna siku wanakaa wazi, watoto wanacheza, dume anakuangalia machoni. Kuna siku ingine wamejificha katika majani, na mgeni anaona mgongo na mkono.

Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 6 mpaka wa 8, njia ni nzuri zaidi. Wakati wa mvua matope ni mengi, lakini machipukizi ya mianzi yanaota, na gorila anayapenda sana.

Bei: kuhesabu yote

Bei inayojulikana duniani ni ya mgeni kutoka inchi za nje. Rwanda ilipandisha yake mwaka 2017 kutoka dola 750 mpaka dola 1 500 kwa mtu mmoja. Uganda ilifika dola 800 mwaka 2024. Kahuzi-Biega na Virunga, kwa miaka ya amani kidogo, mgeni alilipa karibu dola 400. Kwa hiyo ndugu wa Ubelgiji akilalamika juu ya bei ya huku, aambiwe avuke Ruzizi kwanza akaulize ya ng'ambo.

Mkongomani halipi hiyo. Kuna bei ya raia na kuna bei ya mgeni anayekaa inchini, na zote ni ndogo kuliko ile ya mtalii. Hapa ndipo watu wengi wa Bukavu wanakosea: wamesikia dola 400, wakafunga hesabu hapo. Bei ya raia inabadilika, kwa hiyo inaulizwa kwenye biro ya ICCN yenyewe, si kwa mtu wa katikati. Kadi ya uraia iwe mfukoni.

Lakini karatasi ya kuingia ni sehemu moja tu. Kwa raia, mara nyingi gari ndiyo inakula makuta zaidi. Na gari inagawanywa, karatasi haigawanywi. Tuseme gari ya kukodi siku nzima ni dola 100, kwa mfano tu: mtu peke yake analipa 100, watu wanne wanalipa 25 kila mmoja. Safari ya kundi inapunguza gharama kuliko kubembeleza bei. Kisha kuna chakula cha njiani, bote za kutembea, koti la mvua, suruali ndefu ya kuingiza ndani ya soksi juu ya siafu, na matabishi ya mwongozaji na ya kijana anayebeba mfuko. Asiyepanga matabishi mapema anaishia kuaibika ao kukopa.

Kuna pia hesabu ya kile makuta hayo yangefanya kwingine. Mwezi wa 2 mwaka 2025, benki za Bukavu zilipofunga milango, familia nyingi zilijifunza kwamba makuta ya mkononi ni dawa, ni unga, ni nauli ya kukimbia. Mwenye minerval ya watoto bado deni, ao asiye na akiba hata ya mwezi mmoja, safari hii si yake kwa sasa. Gorila anaweza kungoja, lakini shule inafukuza.

Usalama unakuja mbele ya bei

Parki hii imebeba vita vya inchi nzima. Baada ya 1994 kambi za wakimbizi zilijaa karibu yake. Vita vya 1996 na 1998 vilileta silaha ndani ya pori, kisha bei ya koltani ikapanda mwaka 2000 na wachimbaji wakaingia kwa maelfu, wakila nyama ya pori. Upande wa milimani magorila walipungua karibu nusu kati ya mwaka 1996 na 2000, wakabaki karibu 130. Tembo wa upande huo waliuawa karibu wote. Walinzi walioendelea kufanya kazi katika miaka hiyo ndio walihifadhi zile familia zilizobaki, na hesabu ikaanza kupanda tena polepole.

Mwezi wa 2 mwaka 2025 wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Kavumu, kisha Bukavu. Barabara ya Miti iko upande huohuo. Tangu hapo, maswali ya nani anatoa ruhusa, barabara gani inapitika na kizuizi gani kimewekwa, ni ya kuuliza upya kila safari. Habari za wiki jana hazitoshi. Sheria ni rahisi: kama watu wa Miti na wa Kabare wenyewe hawatembei kwenye njia hiyo siku hiyo, mtu wa mjini asitembee. Na mtu akidai makuta ya gorila barabarani ao kwa simu, bila karatasi ya parki, huyo ni mwizi.

Makuta yanaenda wapi

Wengine wanauliza swali zito zaidi: hata kama ninayo, nimpe nani, na juu ya nini? Mlinzi anayekamata mitego anataka mshahara, mafuta ya gari na bote. Karatasi za wageni zinasaidia kulipa kazi hiyo, pamoja na misaada ya nje. Saa moja ya mgeni imesimama juu ya siku 365 za watu wanaofuata familia ileile kwenye mvua.

Lakini parki ina deni pia. Ilipoanzishwa, Wambuti, wengine wanasema Batwa, waliokuwa wakiishi humo tangu babu na babu waliondolewa bila kupewa ardhi ya kutosha. Wengi waliishi pembeni kama wageni kwa majirani. Mwaka 2018 baadhi walirudi ndani, na mivutano na walinzi ikaua watu pande zote mbili. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulisema kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Mtu anayelipa anaweza kuuliza, pale pale Tshivanga: vijiji vya pembeni vinapata nini? Kati ya wabebaji na waongozaji, wangapi ni watoto wa Batwa? Swali hilo halimchukizi mwenye kazi safi.

Kwa nani inafaa

Inafaa kwa mtu mwenye miguu na mapafu ya kupanda masaa mengi, mwenye akiba isiyoguswa na safari hii, anayeenda na kundi, na anayejua anachoenda kuona. Inafaa zaidi kwa mwalimu, mwanafunzi wa biolojia ao wa utalii, mwandishi wa habari, kwa sababu atakachoona kitaendelea kufanya kazi baada ya siku ile. Na ndugu aliyetoka ng'ambo akitaka kulipa, kuna sababu nzuri ya kukubali: atalipa bei ya mgeni, na wenyeji wataingia kwa bei ya raia ndani ya gari moja.

Haifai kwa mtu anayetaka picha tu ya kuweka kwenye simu, kwa mgonjwa wa magoti ao wa moyo, kwa mama mwenye mimba kubwa, wala kwa anayekopa.

Njia zenye bei ndogo

Asiyeweza kulipia gorila hajafungiwa pori. Lwiro, fasi Wabelgiji walianzisha utafiti wa sayansi mwaka 1947, kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 2002 cha kulea sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Hakuna kupanda mlima, na watoto wanajifunza mengi. Kuna pia Pole Pole Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1992 na John Kahekwa, aliyekuwa mwongozaji wa parki. Iliwafundisha wawindaji wa zamani kuchonga sanamu za mbao, ikapanda miti na kujenga shule kwa watoto wa vijiji vya pembeni. Ndani ya parki kuna pia matembezi ya mlima Kahuzi na ya maporomoko ya maji, kwa wenye miguu mizuri wasiotafuta gorila.

Kabla ya kutoa makuta

Mambo haya yaulizwe na majibu yaandikwe: bei ya raia leo ni ngapi na karatasi yake inatolewa na nani? Familia gani ya gorila inatembelewa, na iko mbali namna gani wiki hii? Mvua ao mapigano yakizuia safari, makuta yanarudishwa ao yanahamishwa siku ingine? Mtu akikutwa na mafua mlangoni, analipwa nini? Gari inarudi mjini saa ngapi, na shofa anaijua njia?

Majibu yakiwa wazi, na nyumbani hakuna deni linalolia, ni vigumu kusema kwamba saa ile imepotea. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, makuta yabaki mfukoni mpaka siku ingine.